Mama mkwe na buti za Kariakoo

Shikamoo mama,

Nina miaka 32, nimeolewa, na huu ni mwaka wangu wa nne Calgary, Kanada. Kwetu ni Morogoro, mume wangu ni mtu wa Pangani. Nimejifungua mtoto wa pili mwezi Novemba, na mama mkwe wangu alikuja tangu mwisho wa Septemba kwa ajili ya uzazi wangu. Niseme mapema kwamba huyu mama sina ubaya naye. Amenikanda, amenipikia uji wa pilipili manga, usiku mtoto akilia anamchukua ili nipate usingizi. Wenzangu hapa wanajifungua leo, keshokutwa wako jikoni peke yao. Kwa hiyo ninachokuandikia naona hata aibu, maana ni habari ya viatu.

Mama alikuja na buti alizonunuliwa na wifi yangu mkubwa, Kariakoo. Buti nzuri, sikatai. Rangi ya kahawia, manyoya shingoni, zipu ya dhahabu ubavuni, kisigino cha vidole viwili. Lakini soli yake haina meno, imenyooka kama sinia. Siku ya kwanza alipozivaa wifi akaomba picha, zikasambazwa kwenye kundi la ukoo, kila mtu akasifia: mama sasa mzungu kabisa.

Mimi nilinyamaza. Theluji ilipoanza kushuka nikaenda dukani na hela yangu mwenyewe, nikanunua buti za maana. Dola 189 kabla ya kodi. Zinafika karibu na goti, za kufunga kamba, ndani zina sufu nene, na kwenye lebo imeandikwa nyuzi 40 chini ya sifuri. Sikumwambia, nilitaka azione tu. Nilibeba ndala yake kwenye mkoba nikapimishia.

Nilipozitoa kwenye boksi mama alicheka. "Mwanangu, haya si mabuti ya mgambo haya?" Nikacheka naye. Akazivaa, akatembea hatua mbili sebuleni, akazivua, akasema ahsante, Mungu akuzidishie. Tangu siku hiyo zipo kabatini. Jioni nikamsikia kwenye simu akimwambia wifi, "Wanataka nionekane kama niko JKT." Wakacheka sana. Mama, lile neno "wanataka" liliniuma. Kwani nani anayetaka? Ni mimi.

Sasa sikiliza. Mume wangu anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, mimi nina kichanga, kwa hiyo mama ndiye anayempeleka mwanangu mkubwa wa miaka mitano shule. Ni mwendo wa dakika nane. Anaipenda hiyo safari, ameshajuana na bibi mmoja wa Kisomali na mwingine wa Kifilipino, wanasalimiana kwa mikono na vicheko, basi. Huku kwetu kuna upepo unaitwa chinook, unashuka kutoka milima ya Rocky. Unalala ni nyuzi 19 chini ya sifuri, ukiamka maji yanachuruzika mapaani na watoto wameacha makoti. Ulipokuja mwezi uliopita mama akatoka barazani, akasema leo kama Lushoto tu. Kesho yake baridi ilikuwa imerudi na yale maji yote yameganda. Akampeleka mtoto, akarudi, akasema amechoka kidogo, akajilaza.

Siku tatu baadaye mwanangu akiwa anaoga ndipo ananiambia: "Bibi alianguka puu kwenye barafu. Akasema tusimwambie mama."

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa anashika ukuta akiinuka. Nilipomuuliza akasema, "Aa, niliteleza kidogo tu, watoto nao wana maneno." Mama ana miaka 66. Siku hizi hata kuswali anaswalia kwenye kiti. Nikamwambia mume wangu, jibu lake: "Mama kakulia Pangani, huyo hamtamweza. Muache mtu mzima."

Sasa nawaza mambo ya ajabu. Nje ya duka kubwa la hapa kwetu kuna kasha la kutumbukiza nguo na viatu vya misaada. Nimewaza nizibebe buti za wifi usiku nikazitie humo, asubuhi niseme sijui, labda zimechanganyika na taka. Abaki na zangu. Najua ni uongo. Lakini akivunjika nyonga akiwa nyumbani kwangu, wifi na ukoo mzima watasemaje? Na huyo mtoto anashikwa mkono na mtu anayeteleza. Nizifiche? Nimbane mume wangu aseme yeye? Ninyamaze mpaka Aprili aondoke? Na wewe umeishi kwenye baridi, nisaidie na hili: buti nilizonunua ndizo?

Mkwe, Calgary

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Aibu iweke pembeni. Mwaka juzi kuna mtu aliniandikia kurasa tatu juu ya sufuria ya mamake, na kufika ukurasa wa pili wote tulikuwa tunalia.

Kabla ya viatu, kiuno. Umesema mama alikuwa akishika ukuta anapoinuka, hukusema kama ameacha. Mtu wa umri wake akiangukia ubavu anaweza kupata ufa kwenye mfupa wa nyonga na bado akatembea siku kadhaa kwa kujikaza. Kama bado anachechemea, au kinena kinamuuma anapoegemea mguu mmoja, huyo ni wa kuonwa na daktari, buti zisubiri. Hapo mkoani kwenu Alberta mna namba 811, wauguzi wanapokea saa 24 bila malipo, na mkalimani ukimuomba wanamtafuta. Mpe mama simu aongee mwenyewe. Wazee wengi humwambia mgeni kwenye simu yale wasiyomwambia mkwe.

Hapo hapo nikuulize. Unadhani kwa nini alimzuia mtoto asiseme? Barua yako inalisoma jambo hilo kama ubishi, kwamba hataki kukubali buti zake zimemwangusha. Inawezekana. Ila fikiria na hili: mama ni mgeni nchini, matibabu ya mkoa hayamhusu. Kama alikuja kwa ile viza ya wazazi ya muda mrefu, mlilazimika kumkatia bima ya angalau dola 100,000 ndipo akaruhusiwa, na bila shaka alisikia mnavyoizungumzia bei yake. Mtu amevuka bahari kuja kukusaidia, amekaa miezi miwili, kisha ageuke yeye ndiye wa kugharimiwa hospitali? Huenda alichoogopa si wewe kuona buti, ni wewe kuona bili. Wewe ndiye unayeishi naye, utajua zaidi. Lakini kitafute kile cheti cha bima, usome kinalipa nini na hakilipi nini, kisha umtajie mezani kama habari ya kawaida tu, kwamba akiumwa kuna pa kumpeleka. Uone uso wake utafanya nini.

Sasa turudi kwenye buti. Ulivyopanga wewe, kuna buti mbovu za wifi, kuna buti nzuri zako, na katikati kuna mama mbishi. Hilo la pili nina wasiwasi nalo, na usinikasirikie.

Umeandika sentensi moja kwa haraka ukapita: siku hizi anaswalia kwenye kiti. Nimeirudia mara mbili. Magoti yake hayakunji vizuri. Kisha ukamnunulia buti za kufunga kamba mpaka karibu na goti. Ni nani atakayezifunga kila asubuhi? Wewe una mtoto kifuani, mumeo yuko kazini tangu alfajiri, mjukuu ana miaka mitano. Za wifi zina zipu ubavuni, anainamisha mkono mara moja, imekwisha. Na huko kwenu viatu vinavuliwa mlangoni kila nyumba, kwa hiyo ni kuvaa na kuvua mara nne, mara sita kwa siku. Mimi ningekuwa mama mkwe wako ningesema pia ni mabuti ya mgambo, maana hiyo inachekesha, kuliko kumwambia mke wa mwanangu kwamba siwezi kufika miguuni kwangu.

Halafu ile ndala. Ndala inapimwa na mguu mtupu, asubuhi, pengine na mguu mmoja tu. Buti ya baridi inapimwa jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na ile ile soksi ya sufu utakayoivaa nje, na vidole viwe na nafasi ya kuchezacheza. Ikibana, damu haipiti sawasawa na ile hewa inayotunza joto inakosa mahali, kwa hiyo mguu unaganda hata kama ndani kuna sufu ya kondoo mzima. Watu wengi wakisikia baridi wanaongeza soksi ya pili, wanazidi kubana, wanazidi kuganda. Na soksi za pamba ziachwe kabatini, zinanyonya jasho na kukaa nalo. Mama alitembea hatua mbili sebuleni akavua. Ulimuuliza zilimkaaje?

Lakini lililo kubwa ni lile la nyuzi 40. Mwanangu, hiyo namba inazungumzia joto tu. Haisemi neno hata moja juu ya utelezi. Na hata hilo joto, hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, na kwa kawaida wanamhesabu mtu anayetembea, si bibi aliyesimama kwenye lango la shule akisubiri kengele. Kwa hiyo inawezekana kabisa buti zako za dola 189 zinateleza sawa na zile za Kariakoo, ila mama ataanguka akiwa na miguu ya moto.

Sisemi hivyo kukukatisha tamaa. Kule Toronto kuna maabara ya taasisi inayoitwa KITE ambayo ina chumba chenye sakafu ya barafu kinachoinamishwa kidogo kidogo. Mtu anavalishwa buti, anafungwa mikanda asiumie, anatembea kupanda na kushuka mpaka ateleze, na ile nyuzi ya mwinamo ndiyo alama ya kiatu. Mwaka 2016 walitangaza matokeo ya aina 98 za buti za baridi, na zaidi ya asilimia 90 hazikufikia hata kiwango cha chini, yaani mwinamo wa nyuzi 7. Na hizo ni buti zilizouzwa huko huko Kanada. Matokeo yao wanayaweka wazi kwenye tovuti inayoitwa Rate My Treads, kwa alama za chembe ya theluji: moja kwa kiatu kilichohimili nyuzi 7, mbili kwa 11, tatu kwa 15. Kama kuna mahali pa kuanzia kabla ya kutoa dola nyingine, ni hapo. Tafuta zako kwanza. Pengine zimo.

Wakati unatafuta, lipo jaribio la nyumbani. Usiku wa baridi kali zitoe buti zote nje, zako na za wifi, ziache zilale barazani. Asubuhi zikunje kwa mikono na ubonyeze soli kwa ukucha. Mpira mzuri utabaki unanyumbuka na ukucha utaingia kidogo. Ikiwa ngumu na inagonga kama sahani ya plastiki, hiyo barafuni haishiki kitu. Mumeo analijua jambo hili vizuri kuliko sisi sote. Muulize kwa nini kila mwaka baridi ikianza anabadilisha matairi ya gari. Atakueleza kwamba hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 juu ya sifuri, mpira wa matairi ya kiangazi unakakamaa, unapoteza mshiko. Akimaliza kueleza mtazame tu, usiseme kitu.

Na meno marefu ya soli yasikudanganye. Yale ni ya theluji nzito, yanachimba kama trekta shambani. Juu ya barafu tupu hayana cha kuchimba, unabaki umesimama juu ya ncha chache za mpira. Barafuni kinachosaidia ni mpira laini unaogusa chini kwa eneo kubwa, na vizuri zaidi ukiwa na chembechembe ngumu zilizochanganywa ndani yake, unahisi kama msasa ukipitisha kidole. Kwenye lile jaribio la 2016 zilizofanya vizuri zilikuwa za namna hiyo, soli zinazoitwa Arctic Grip na Green Diamond. Chembe hizo zinalika kwa kutembea, kwa hiyo buti ya mtumba yenye soli hiyo iangalie kwa makini kabla hujafurahia bei.

Kwa mama, kwa haya uliyonieleza, mimi ningetafuta buti fupi, ya kifundoni au juu yake kidogo, nyepesi, kisigino cha chini na kipana, zipu ndefu au mdomo unaofunguka kabisa, na bitana inayotoka ili ikauke usiku. Ikauke mbali na hita lakini, ngozi na gundi haziupendi moto wa karibu. Rangi ya kahawia zipo. Na manyoya shingoni yapo, sidhani kama kuna kosa lolote kupenda manyoya.

Umetaja siku ya chinook, na hapo mama alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Sisi tuliokulia pwani tunadhani baridi ikizidi ndiyo hatari ikizidi. Kwa mshiko wa kiatu ni karibu kinyume. Barafu kavu ya nyuzi 25 chini ya sifuri inakera lakini unaikanyaga ukaenda. Mbaya ni ile ya karibu na sifuri, ina utando wa maji juu yake. Sheria ya jiji lenu inamtaka mwenye nyumba asafishe njia iliyo mbele yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka, sawa, ila ikija chinook yale mafungu ya theluji pembeni yanayeyuka, maji yanapita juu ya njia iliyosafishwa, usiku yanaganda. Njia safi kabisa, kioo tupu. Hiyo asubuhi ya baada ya Lushoto ndiyo ya kuogopa. Mweleze hivi tu, atakuelewa haraka: ni yale majabali ya Pangani maji yakipwa, yakiwa na ukoga. Hakuna mtu wa pwani anayepita pale kwa kukimbia au kwa kisigino. Hatua fupi, mguu mzima chini, mikono nje ya mifuko. Huo mwendo mama anao tangu utotoni, ni vile hajaambiwa kwamba barafu ni mwamba wa namna hiyo.

Haya, tuliangalie lile kasha la misaada. Nimelifikiria bila kukucheka, maana na mimi nimewahi kupoteza kwa makusudi redio ya mtu. Tatizo la kwanza: yule mpelelezi wako wa miaka mitano aliyetoboa siri ya bibi atatoboa na yako, tena mbele ya wageni. La pili, zikipotea za wifi haina maana atavaa zako. Anaweza kuvaa raba. La tatu, zile buti kwake si buti tu, ni binti yake aliyehangaika Kariakoo juani akitafuta kitu cha baridi ambayo hajawahi kuiona. Uko tayari aziomboleze ndani ya nyumba yako, nawe unamfariji? Labda uko tayari. Uoga wa nyonga ni mkubwa, nauelewa.

Kumbana mumeo kuna faida yake, mama atamsikia mwanawe. Ila atajua pia maneno yametoka wapi, na lile "wanataka" litapata ushahidi. Akikubali kuzungumza, bora azungumze kama mtu aliyeanguka mwenyewe. Mkazi wa Calgary wa miaka minne ambaye hajawahi kuanguka simjui. Mimi nimeishi Minnesota majira saba ya baridi na nimeanguka mara nne, moja nikiwa nimebeba keki ya harusi ya watu.

Wifi je? Hujamtaja kama njia, umemtaja kama tatizo tu. Yeye alinunua kwa macho ya Dar es Salaam, na kwa macho hayo alinunua vizuri. Ukimpigia ukamwambia "dada, hizi buti ni nzuri, mama anazipenda, ila barafu ya huku inataka soli ya namna nyingine, nisaidie kumshawishi," anaweza kuwa wa kwanza kumwambia mama avae zingine. Anaweza pia kununa. Wewe unamjua. Ninachokuonya ni kimoja: kule kuanguka ni siri ya mama. Ukitaka kumtajia wifi, muombe mama ruhusa kwanza, la sivyo utakuwa umemlipia kisasi cha JKT bila kukusudia.

Zipo njia za katikati pia. Kuna zile njumu za mpira zinazovutwa juu ya kiatu, zenye misumari midogo au vikoili vya chuma chini. Ni nafuu na zinashika barafu kwelikweli. Lakini kwenye sakafu ya marumaru ya shule au dukani zinageuka kuwa viatu vya kutelezea, ni lazima zivuliwe mlangoni, na tumeshasema habari ya magoti. Tena juu ya kisigino cha vidole viwili hazikai vizuri. Zipo buti ambazo misumari yake inakunjwa na kukunjuliwa kwenye soli, ghali kidogo, nazo zinataka mtu ainame. Fundi viatu naye anaweza kubandika soli ya mpira laini chini ya buti za wifi kama zinapokea gundi. Hapo mama angebaki na buti zake, ingawa kisigino kingebaki palepale. Muonyeshe fundi kwanza kabla hujamwahidi mama.

Au mwende dukani pamoja, jioni moja mumeo akiwa na watoto. Umkalishe, ajaribu jozi nane, atembee, acheke, akatae. Atachagua kitu ambacho wewe usingekichagua. Utavumilia, mradi soli umeibonyeza wewe? Za dola 189 kama zina risiti na hazijatoka nje, pengine duka litazipokea. Kama hayo hayawezekani, zipige picha umuuzie mwenzio.

Na buti za Kariakoo zisikose kazi. Mwambie mama akumbuke masika ya Tanga, vile wanawake wanavyotoka nyumbani na ndala, viatu vizuri vimo kwenye mfuko, wakifika ofisini au harusini ndipo wanabadilisha na ndala inarudi mfukoni. Kanada wanafanya vivyo hivyo, utawaona na mifuko yao kwenye treni. Buti za mgambo barabarani, za wifi ukumbini. Picha ya kundi la ukoo inapigwa ukumbini.

Kunyamaza mpaka Aprili nako ni njia, sitasema si njia. Wako wakwe wengi waliovuka kipindi kirefu zaidi kwa kunyamaza, wakabaki na amani yao. Kwako gharama yake ni kwamba kila asubuhi baada ya saa mbili utakuwa dirishani na mtoto mkononi ukihesabu dakika nane, na nahisi umeshaanza. Ukichagua hiyo, basi angalau ipunguze: kuwe na kiti imara mlangoni cha kuvalia viatu na ile miiko mirefu ya kusukumia kisigino, kuwe na ndoo ya mchanga au kokoto barazani, na mkubaliane siku za aina moja tu ambazo hatatoka, zile za baada ya chinook. Mtoto siku hizo aende na yule bibi wa Kisomali, kama anakubali. Ila umwambie mama ni yeye aseme leo ni siku hiyo au siyo. Hiyo safari ya shule ndiyo mahali pekee mjini humo anapojulikana kwa sura yake mwenyewe, si kama mama wa fulani. Ukimnyang'anya kwa sababu ya soli, hata kama una haki, utakuwa umechukua kikubwa.

Kuhusu "wanataka", mwanangu, sina dawa. Inawezekana alikuteta kweli. Inawezekana pia alikuwa anamlinda bintiye asijue kwamba zawadi yake imepata mshindani, akatafuta mzaha wa kupitia katikati. Watu wazima tuna simu za namna hiyo nyingi, na mkwe akisikia upande mmoja tu wa mazungumzo huwa anasikia jina lake kila mahali. Umechoka, umejifungua juzi, hulali. Hilo neno lipe wiki mbili kabla hujaamua lilikuwa na maana gani.

Niandikie kiuno kinaendeleaje. Na huyo mkubwa wako mpe pipi moja kutoka kwangu, kimyakimya, bibi yake asijue ni ya nini.